Sanduku la Sarafu Mchanganyiko: Mtoto Aanzie Wapi Dukani

Karibu kila duka la sarafu za kale lina sanduku, au bakuli kubwa, la sarafu za nchi mbalimbali zinazouzwa kwa bei moja bila kuchambuliwa sana. Wakusanyaji wazoefu hulipita wakielekea kwenye kabati la kioo. Mzazi anapompeleka mtoto kwa mara ya kwanza, mimi humshauri afanye kinyume. Kabati lisubiri. Sandukuni mtoto anaruhusiwa kushika, kugeuza na kulinganisha sarafu kumi za aina moja, na akichagua vibaya hasara ni ndogo. Hapo ndipo jicho linapofunzwa, na jicho hilo litazame uso wa sarafu kabla ya kutazama mwaka.

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara 5 hadi 7, sumaku ndogo yenye nguvu, kitambaa laini cha kutandika mezani, na taa moja. Lenzi ya mara 10 inafaa kusomea herufi ndogo sana, lakini kwa kuikagua sarafu nzima inabana mno. Mtoto anaona alama moja na kupoteza picha yote.

Kushika ndiyo tabia ya kwanza. Sarafu hushikwa ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa, bila kuinuliwa juu sana. Mikono iwe imenawiwa na kukauka, isiwe na mafuta ya kujipaka. Asizungumze akiwa ameinamia sarafu, maana vitone vya mate huacha madoa meusi, hasa kwenye shaba, na madoa hayo hayatoki tena. Glavu za pamba simpendekezei mtoto, kwa sababu sarafu humteleza, na pigo moja la ukingo sakafuni ni baya kuliko alama ya kidole. Sandukuni kwenyewe asikoroge wala asimwage. Achomoe moja moja, na asiyoitaka airudishe kwa upole, kwani sarafu zikigongana ndipo mikwaruzo inapozaliwa.

Sasa taa. Iwe moja, yenye mwanga unaotoka sehemu moja, na taa nyingine zizimwe au zipewe mgongo. Mwanga wa mirija mirefu ya dari hutawanyika na kuficha karibu kila kitu kinachotafutwa. Mtoto aiinamishe sarafu kidogo chini ya taa, kisha aizungushe polepole. Sarafu ambayo haijachakaa wala kusuguliwa itaonyesha mionzi inayotembea kuzunguka uso wake kadiri inavyozungushwa. Chanzo chake ni wakati wa kupigwa chapa: mihuri miwili ya chuma inapoibana sarafu kwa nguvu, metali husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuacha mifereji midogo isiyoonekana kwa macho. Mwanga hurudishwa na mifereji hiyo. Ikishasuguliwa, haiwezi kurudishwa na mtu yeyote, na ndiyo maana wakusanyaji huithamini kuliko weupe au mng'aro.

Sarafu iliyofutwa kwa kitambaa au dawa ya meno hung'aa pia, lakini hung'aa yote kwa pamoja, na mionzi haitembei. Chini ya lenzi utaona mikwaruzo myembamba mingi inayoelekea upande mmoja. Mikwaruzo ya matumizi ya kawaida huelekea kila upande na hutofautiana kina. Iliyochovywa kwenye dawa ya kung'arishia fedha haina mikwaruzo, lakini weupe wake umepooza, kwa kuwa asidi imekula safu ya juu pamoja na mifereji yake. Watoto huvutwa na sarafu hizi mbili kuliko zote, kwa hiyo ziwekwe kando ya sarafu ya kahawia ambayo haijaguswa, aina ileile, azungushe zote tatu chini ya taa. Somo hili halieleweki kwa maneno matupu.

Kuchakaa huanzia sehemu zilizoinuka: nywele juu ya sikio, shavu, kifua cha ndege, nundu za ngao. Hapa hata wanaojua hutatizika, kwa sababu wakati mwingine sehemu iliyoinuka haikujaa vizuri tangu kiwandani. Iliyochakaa huwa laini na imebadilika rangi kuliko sehemu inayoizunguka. Ile ambayo haikujaa bado ina mwanga uleule wa uso mzima, ila mchoro wake haukukamilika. Kipimo cha hali kinachotumika sana leo, cha 1 hadi 70, kilitolewa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani. Mtoto hahitaji namba hizo mapema. Aseme tu: nywele zinahesabika au hazihesabiki, herufi zote zinasomeka au mbili zimefutika.

Baada ya uso, mwaka. Mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kufuliwa, na mfano bora ni riale kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alifariki Novemba 1780, na sarafu yenye mwaka huo iliendelea kufuliwa kwa zaidi ya karne moja, Vienna na hata miji mingine ikiwemo London, Roma na Bombay, kwa ajili ya biashara ya Uarabuni na Afrika Mashariki. Zote zimeandikwa 1780. Halisi ina uzito wa gramu 28.07 hivi, fedha ikiwa sehemu 833 kwa 1000, na ukingoni ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka. Ukingo uliolala kabisa, au wenye mstari wa kiungo unaozunguka, ni dalili ya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu.

Kalenda nazo ni mchezo mzuri wa sandukuni. Sarafu za Thailand hutumia mwaka wa Kibudha: toa 543. Za Japani hutumia mwaka wa utawala: enzi ya Showa ongeza 1925, Heisei ongeza 1988, Reiwa ongeza 2018. Mwaka wa Hijria zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1400 utakupa 1980, na kweli mwaka huo ulianza Novemba 1979 na kuishia Novemba 1980. Mtoto anayezijua tarakimu za Kiarabu kutoka madrasa atawapita watu wazima wengi hapa. Kuna pia herufi ndogo za viwanda. Sarafu za Ujerumani zina A ya Berlin, D ya Munich, F ya Stuttgart, G ya Karlsruhe na J ya Hamburg. Kutafuta sarafu tano za aina moja na mwaka mmoja, kila moja na herufi yake, ni mradi unaomaliza sanduku zima, na naupenda kuliko kumnunulia mtoto seti iliyokwisha kupangwa.

Sumaku inajibu swali moja tu: kuna chuma au nikeli nyingi ndani? Haivuti dhahabu, fedha, shaba, wala mchanganyiko wa kawaida wa shaba asilimia 75 na nikeli 25, japokuwa ndani yake mna nikeli. Huvuta nikeli tupu, kama ile ya rapeni 20 za Uswisi za 1881 hadi 1938. Peni za Uingereza zilibadilishwa kuanzia 1992 kutoka bronzi kwenda chuma kilichofunikwa shaba, kwa hiyo mbili zinazofanana kwa rangi zitaachana mbele ya sumaku. Mfano maarufu ni senti ya Marekani ya 1943, iliyofuliwa kwa chuma chenye zinki kwa sababu ya vita. Chache sana zilitoka kwa bronzi kimakosa na zina thamani kubwa, hivyo watu huzipaka za chuma shaba na kuziuza. Ikinaswa na sumaku, ni ya chuma, mazungumzo yameisha. Lakini kutonaswa hakuthibitishi chochote, maana mwaka wa sarafu nyingine ya bronzi unaweza kuchongwa usomeke 1943.

Fedha hutafutwa kwa mwaka na kwa ukingo. Sarafu za fedha za Uingereza zilikuwa asilimia 92.5 hadi 1920, zikashushwa hadi 50, na kuanzia 1947 fedha ikaondolewa kabisa. Robo dola ya Marekani ilikuwa na asilimia 90 hadi ile ya 1964; za baadaye, ukizitazama ukingoni, zina mstari wa shaba katikati.

Kwa sarafu kubwa, densiti, yaani uzito ukilinganishwa na ujazo, inasema zaidi ya sumaku. Pima uzito wake mkavu kwenye mizani inayosoma gramu 0.01. Weka glasi ya maji juu ya mizani na urudishe namba kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba uishushe majini izame yote bila kugusa chini wala pembeni, kisha usome mizani. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Dola ya fedha ya Marekani aina ya Morgan ina gramu 26.73, ikiwa halali mizani itasoma karibu 2.59, na jibu ni 10.3. Bandia ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma karibu 3.0, jibu 8.9. Mapovu yanayong'ang'ania sarafu hushusha jibu, basi tikisa uzi kidogo kabla ya kusoma.

Kuhusu kusafisha, kanuni ya mtoto ni fupi: hapana. Isipokuwa kwa jambo moja, na hilo lifanywe na mtu mzima. Sarafu zilizokaa kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC hupata utando wa kijani unaonata. Plastiki hiyo huchakaa na kutoa asidi inayokula metali, kwa hiyo kuuacha utando ni kuongeza hasara. Mimina asetoni halisi kwenye glasi ifunike sarafu, iache dakika 15 hadi 30, igeuze, kisha isuuze kwenye glasi ya pili yenye asetoni safi na uiache ikauke hewani. Usisugue. Asetoni haigusi metali, ila hushika moto haraka, hivyo dirisha liwe wazi na jiko liwe mbali. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha haifai kwa sababu huongezwa mafuta na manukato. Kutu ya kijani iliyokwisha kuchimba shaba haitatoka kwa njia hii; sarafu hiyo ibaki sandukuni.

Akifika nyumbani, chaguo lake liingie kwenye fremu za kadibodi zenye dirisha la poliesta. Poliesta hutoa mlio mkavu ikikunjwa, wakati PVC hulegea na kunuka kama pazia jipya la bafuni. Mpira wa kufungia usikae karibu na fedha, kwani salfa yake huipa fedha rangi ya njano, kisha kahawia, hatimaye nyeusi. Andika kwenye kadibodi nchi, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda na tarehe ya kununua, na uandike kabla ya kuiweka sarafu ndani, kalamu isije ikaikandamiza. Pini za kufungia fremu zilazwe kabisa kwa koleo. Zilizoachwa wima huchana sarafu ya fremu ya jirani. Na mtoto akitaka kuitoa sarafu, fremu ikatwe kando, isichanwe kwa kuvuta pini.