Miserere ya Allegri, Palestrina na Misa ya Malaika: tuliyoyaamini na yaliyo kweli

Kila nikimtumia mwanakwaya mwenzangu Miserere ya Gregorio Allegri, jibu huwa lilelile: "Si ndiyo ile Papa aliyoificha, Mozart akaiiba kwa masikio?" Hadithi ni tamu, lakini wimbo wenyewe ni mtamu zaidi.

Allegri alikuwa mwimbaji wa Kikanisa cha Sistina, kile cha Papa huko Vatikani, akafariki mwaka 1652. Aliitungia muziki Zaburi ya 51, "Ee Mungu, unirehemu", ya kuimbwa Juma Kuu. Ni kweli Vatikani iliulinda wimbo huo. Ni kweli pia kwamba Aprili 1770 baba yake Mozart aliandika barua kutoka Roma akijivunia kuwa kijana wake wa miaka 14 ameunukuu kwa kumbukumbu. Ila nakala zilikwisha kutoka zamani: Kaisari Leopold wa Kwanza alipata yake, mfalme wa Ureno yake, na Padre Martini, mwalimu wa muziki wa Bologna, yake. Mwaka 1771 Charles Burney, mwanahistoria wa muziki Mwingereza, akauchapa London. Halafu sikiliza ulivyojengwa. Kwaya mbili, moja ya sauti tano na nyingine ya sauti nne, zinapokezana na uimbaji wa sauti moja, na muziki uleule unarudi maneno yakibadilika. Mwenye sikio kali hupata nafasi kadhaa za kujisahihisha kabla wimbo haujaisha. Kipaji cha Mozart kiko palepale, ila siri haikuwa siri.

Na ile sauti ya juu inayotusisimua mwili mzima? Allegri hakuiandika. Mwaka 1831 Mendelssohn, mtunzi Mjerumani, aliusikia wimbo Roma ukiimbwa juu kuliko ulivyoandikwa, akanukuu kipande. Baadaye, katika kamusi moja ya muziki ya Kiingereza, kipande hicho kikaunganishwa na nota za zamani, na mshono huo ndio tunaousikia leo. Mimi bado naupenda. Napenda tu tujue ni wa nani.

Wengine husema Palestrina, mtunzi Mwitalia wa karne ya 16, aliuokoa muziki wa sauti nyingi pale Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipotaka kuupiga marufuku, kwa kuwaimbia makardinali Misa ya Papa Marcello. Mtaguso haukuwahi kutoa katazo hilo. Ulichokataza ni mambo ya kidunia na machafu katika nyimbo za ibada. Papa Marcello wa Pili mwenyewe alitawala siku 22 tu, mwaka 1555, na misa hiyo ilichapwa 1567. Simulizi la uokozi lilianza kuenea baada ya Palestrina kufa.

Misa ya Malaika, ile *de Angelis* tunayoiimba parokiani kwa Kilatini, wengi huidhani ni ya kale kuliko zote. Kyrie yake ni ya karne ya 15 au 16, Gloria ya karne ya 16. Papa Gregori Mkuu alifariki mwaka 604, hakuijua. Hata nyimbo zinazoitwa kwa jina lake, za Kigregori, zilipata umbo lake zaidi katika nchi za Wafaranki, Ufaransa na Ujerumani za leo, karne ya 8 na ya 9.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba muziki huu ni wa wasomi wa Ulaya, kwaya ya kawaida haiuwezi. Solfa tunayofundishwa Jumamosi jioni ilianzia kwa mmonaki Guido wa Arezzo, karne ya 11, aliyechukua silabi ut, re, mi, fa, sol, la kutoka mistari ya utenzi wa kumsifu Yohane Mbatizaji. Tayari tunatumia chombo chao.

Anza na *Sicut cervus* ya Palestrina. Ni Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji." Tenori wanaingia peke yao, taratibu. Alto wanawafuata kwa wimbo uleule, kisha soprano, mwisho besi. Mwambie kila mmoja aimbe kwa sauti ndogo, amsikilize aliyemtangulia. Besi wakishaingia, usiwakatize. Waache wafike mwisho wa mstari.