Stempu ya Sultani, mhuri wa Jamhuri

Kila Januari wanafunzi wanaotutembelea hapa Dar es Salaam huuliza swali lilelile: siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, kilibadilika nini? Siku hizi sianzi na hotuba. Nawapa kioo cha kukuzia na stempu moja ya posta.

Stempu ni toleo la 1961. Ina sura ya Sultani Abdullah, ambaye kufikia Mapinduzi alikuwa ameshafariki miezi sita nyuma, kiti amerithi mwanawe Jamshid. Juu yake pamegongwa kwa wino mweusi: JAMHURI 1964. Ni kazi ya mhuri wa mkono. Serikali mpya haikuwa na stempu zake, na barua hazisubiri. Jamshid mwenyewe alishakimbia, akapitia hapa hapa Dar akielekea Uingereza.

Simaanishi kwamba Mapinduzi yalikuwa ya wino tu. Waulize waliokuwa na mashamba makubwa: Machi 1964 ardhi yote iliwekwa mikononi mwa Serikali, na baadaye familia zisizokuwa na hata kipande zikagawiwa eka tatu tatu.

Karafuu ni hadithi nyingine. Tangu miaka ya 1930 utawala wa Waingereza uliubana ununuzi wake chini ya umoja wa wakulima. Mwaka 1968 likaja shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, ZSTC. Mkulima wa Pemba aliyeanika karafuu zake kwenye jamvi akabaki na mlango mmoja wa kuuzia.

Mimi hunivutia zaidi Baraza la Mapinduzi. Mwanzoni lilikuwa na watu 30 chini ya Karume, wakitunga sheria na kuzitekeleza wao wenyewe. Karume aliuawa Aprili 1972, Aboud Jumbe akashika nafasi, na utaratibu ukabaki uleule. Katiba ya kwanza baada ya Mapinduzi ilipatikana 1979. Mwaka uliofuata kazi ya kutunga sheria ikahamia Baraza la Wawakilishi. Baraza la Mapinduzi halikufutwa. Hadi leo ndilo baraza la mawaziri la Zanzibar, mwenyekiti wake Rais. Kwenye stempu jina lilikuwa jipya na karatasi ya zamani. Hapa jina ndilo la zamani.

Juzi binti mmoja wa kidato cha pili aliigeuza ile stempu, akauliza kama barua zilizobandikwa stempu hizo zilifika. Zilifika.