Kabla hujabeba sinki la choo kutoka Kariakoo

Kwenye karakana yetu ya ufundi bomba kuna sinki moja la choo, jeupe na zuri, ambalo halijawahi kukaliwa na mtu. Mwenyewe alilinunua Kariakoo, akalipakia kwenye bajaji hadi nyumbani, na fundi alipolitazama mara moja tu akasema halikai. Mdomo wake wa kutolea uchafu ulielekea ukutani, na bomba la nyumba yake liko sakafuni. Duka likakataa kulirudisha. Akatuletea tufundishie, na kweli limefundisha wengi.

Wanaokarabati bafu huanzia dukani, kwenye umbo na rangi. Mimi nawaomba waanzie nyumbani, wakiwa na futikamba. Mafundi husema sinki la S na sinki la P. La S hutoa chini, kwenye sakafu. La P hutoa nyuma, kwenye ukuta. Choo chako cha zamani kitakuambia kipi ni chako. Kama ni cha S, pima kutoka ukutani hadi katikati ya bomba. Sinki nyingi zimetengenezewa sentimita 30, lakini zipo za 22, za 25 na hata za 40, na muuzaji asipoulizwa hasemi. Kama ni cha P, pima kimo kutoka sakafuni hadi katikati ya bomba. Kilichozoeleka ni sentimita 18. Hesabu vigae pia. Ukibandika vipya juu ya vya zamani, ukuta na sakafu husogea sentimita moja na nusu au mbili, na kipimo cha jana kimekufa.

Kuna wanaotaka choo kihamie upande wa pili wa bafu. Inawezekana, ila bomba la inchi 4 linahitaji kushuka takriban sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Ukihamisha choo mita mbili, unahitaji sentimita 5 za mteremko, na kwenye ghorofa huzipati popote isipokuwa kwa kuinua sakafu yako au kuning'iniza bomba kwenye dari ya jirani wa chini. Kinachoishia kufanyika mara nyingi ni bomba kulazwa karibu tambarare, na baada ya miezi michache mnaitana kuzibua.

Sasa maji, ambayo ndiyo yanayonifanya niandike haya. Mwaka 1980 kampuni ya Caroma ya Australia ilitoa choo chenye vitufe viwili, kikitumia lita 11 kwa haja kubwa na 5 na nusu kwa haja ndogo. Wakati huo kilionekana cha ubahili. Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 1992 iliyoshusha vyoo vipya vya nyumbani hadi lita 6 kwa flashi moja, kuanzia 1994. Siku hizi vya vitufe viwili hutumia lita 6 na 3, vingine chini ya hapo. Tangi la zamani la lita 9 bado limejaa majumbani kwetu.

Chukua nyumba ya watu sita, kila mmoja akiingia chooni mara tano kwa siku. Kwa tangi la lita 9, ni lita 270 kila siku. Kwa vitufe viwili, kila mtu akibonyeza kikubwa mara moja na kidogo mara nne, ni lita 108. Kwa choo peke yake simtank la lita 1,000 litakaa siku tisa badala ya siku tatu na ushee. Anayeishi kwenye mgao wa maji anajua maana ya siku hizo. Na maji hayo yote huishia kwenye karo, kwa hiyo gari la majitaka nalo utaliita kwa nadra zaidi.

Lakini mgao una jambo jingine: ipo siku mtaflashi kwa ndoo. Hapo utofauti wa sinki huonekana. Kuna sinki zinazosukuma uchafu kwa nguvu ya maji yanayoanguka, njia yake ya ndani ni pana na fupi. Kuna nyingine zinazovuta. Bakuli lake lina maji mengi, limetulia, halina kelele, ila njia yake ni ndefu na nyembamba, mara nyingi sentimita 5 au 6 tu. Hizo za kuvuta hupendeza sana dukani. Kwa nyumba yenye watoto wanaotupa vitu chooni na maji yanayokuja kwa zamu, mimi ningechukua ya kusukuma bila kufikiri mara mbili. Ndoo moja ikimwagwa kwa mkupuo, kazi imekwisha.

Kama maji yako yanashuka kutoka simtank lililo mita tatu tu juu ya choo, achana na flashi ya koki isiyo na tangi kama ya viwanja vya ndege. Msukumo wako hautoshi. Tangi la kawaida litajaa polepole, lakini litajaa. Bomba la mkono la kuchambia liwekee koki yake, na ifungwe kila mkimaliza. Mpira wake haukuundwa kubeba msukumo usiku kucha, na ukipasuka mkiwa mmelala mtaamkia bwawa.

Kukaa au kuchuchumaa? Wageni wengi hawapendi kukalia alipokalia mtu mwingine, na sioni sababu ya kuwalazimisha. Nyumba yenye vyoo viwili ibakize kimoja cha kuchuchumaa, hasa kile cha nje au cha wageni. Lakini bibi mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa, na hata cha kukaa kikiwa kifupi kinamtesa kunyanyuka. Sinki za kawaida zina kimo cha karibu sentimita 40 kutoka sakafuni hadi kitini. Zipo ndefu za 43 hadi 48. Mkalishe kwanza bibi kwenye kiti cha jikoni chenye kimo hicho, muone.

Kaya za Kiislamu huepuka kuelekea kibla au kuipa mgongo wakati wa haja, na ukarabati ndiyo nafasi ya kurekebisha kama mjenzi wa kwanza hakujali. Huku pwani hesabu yake ni rahisi. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zinakaribia kuwa kwenye longitudo moja na Makka, basi kibla ni kaskazini na choo kitazame mashariki au magharibi. Mweleze fundi kabla hajavunja sakafu.

Dukani sasa. Omba sinki liwekwe kwenye sakafu iliyonyooka, ulisukume: likichezacheza, udongo wake ulipinda kwenye tanuri. Ligonge kwa kidole, likilia kama kengele ni zima, likitoa mlio mfu huenda lina ufa. Ingiza mkono kwenye njia ya ndani, ndiyo, mkono wako, uone kama mng'aro umefika huko au pamekwaruza, maana pakwaruzapo ndipo uchafu hushika. Halafu uliza vifaa vya ndani ya tangi vinauzwa wapi. Sinki hudumu miaka mingi, ila vile vya plastiki huchoka, na kama havipatikani utanunua tangi zima kwa sababu ya kipande kidogo.

Siku ya kufunga, kataa sinki kuzikwa kwenye saruji. Saruji ikibana inaweza kulipasua, na siku ya kulitoa utalivunja. Lifungwe kwa skrubu na plagi za plastiki, pembeni lipakwe silikoni. Kisha tia rangi ya chakula kwenye tangi, ukae nusu saa bila kuflashi. Ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli, tangi linavuja, na fundi bado hajalipwa.