Saratani ya simba, chui milia na jagwa (paka mkubwa wa Amerika) katika bustani za wanyama: dhana na ukweli

Dhana: Mnyama wa porini hana saratani, kizimba ndicho kinachomletea.
Porini chui milia akidhoofika hufa mapema, na mzoga huliwa kabla mtu hajaupasua. Bustanini hufika miaka 18 hata 20, na saratani hupenda uzee. Utafiti wa 2022 kuhusu mamalia 110,148 wa spishi 191 waishio bustanini uliwakuta walao nyama miongoni mwa wanaokumbwa zaidi.

Dhana: Basi bustani hazina lawama.
Zinayo. Tangu miaka ya 1970, bustani nyingi za Marekani zilizuia mimba kwa kuwawekea majike chini ya ngozi kipandikizi cha silikoni chenye melengestroli asetati, projestini, yaani homoni ya kike ya kutengenezwa. Homoni hiyo huchochea tezi za maziwa bila mapumziko, mwaka baada ya mwaka. Wengi walipata saratani ya matiti, inayokimbilia tezi za limfu, mapafu na ini. Wengine mfuko wa uzazi ulijaa usaha.

Siku hizi hupendelewa kipandikizi cha deslorelini, ambayo huzima ovari. Kasoro yake ni kwamba mwanzoni huziamsha, jike akaingia joto la kutaka dume. Ndiyo maana hupewa vidonge vya megestroli takriban wiki moja kabla ya kipandikizi na wiki moja baada. Megestroli nayo ni projestini, lakini wiki mbili si miaka kwa miaka. Baada ya deslorelini, uwezo wa kuzaa huweza pia kuchelewa kurudi, hasara kubwa kwa spishi yenye majike wachache.

Dhana: Kila saratani ya jike ni ya kipandikizi.
Jagwa wana saratani ya ovari inayofanana na ya wanawake wenye hitilafu ya jeni ya BRCA1, hitilafu ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya matiti na ovari; kwa jagwa pia urithi unashukiwa. Chui wa theluji hupata saratani ya kinywa inayohusishwa na virusi vya papiloma.

Dhana: Uvimbe ukiwepo utaonekana.
Manyoya ya tumbo huuficha, na paka haonyeshi maumivu. Kila mnyama anapolazwa kwa dawa ya usingizi, pitisha vidole kwenye kila chuchu na kwenye kwapa. Ukigusa kinundu, chukua sampuli, kisha piga eksirei ya kifua kabla ya upasuaji: ikiwa mapafu yameshaingiliwa, kukata titi hakutamponya.

Dhana: Ataambukiza wenzake.
Uvimbe hauambukizi. Kinachoambukiza ni virusi vya lukemia ya paka, viletavyo limfoma (saratani ya chembe za limfu), na paka shume wanaozurura kando ya vizimba huweza kuvileta. Wadhibitiwe.