Kutotumia nguvu si kunyamaza: dhana potofu kuhusu Martin Luther King

Dhana: King, kiongozi wa harakati za haki za Wamarekani weusi, alihubiri upendo, wabaguzi wakaguswa, sheria zikabadilika.

Hii inachosha kuliko zote, na kila Jumatatu ya tatu ya Januari, Marekani inapomwadhimisha, hurudiwa upya. Wabaguzi hawakuguswa, walibanwa. Katika barua aliyoiandika akiwa jela mjini Birmingham, Aprili 1963, King alitaja hatua 4: kukusanya ushahidi wa dhuluma, kujadiliana, kujitakasa nafsi, kisha kuchukua hatua za moja kwa moja. Ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi. Kwenye warsha za hatua hiyo watu waliulizwa kama wataweza kupigwa bila kurudisha, na kama watastahimili jela. Asiyeweza hakufaa kwenye maandamano, maana ngumi moja ingewapa polisi kisingizio.

Hata msimu ulichaguliwa. Kampeni ya Birmingham ililenga Pasaka, kipindi ambacho wakati huo mauzo ya madukani yalizidiwa na ya Krismasi tu, ili kususia maduka kuume. Mei 10 yakatangazwa makubaliano ya kuondoa ubaguzi kwenye kaunta za chakula na vyumba vya kujaribia nguo.

Montgomery, Alabama, nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Mgomo wa Weusi kususia mabasi, 1955–56, ulidumu siku 381 kwa sababu kulikuwa na usafiri mbadala: mamia ya magari yaliyobeba watu kwa ratiba na vituo. Bima za magari hayo zilipofutwa, ikatafutwa nyingine huko London. Wakati huohuo kesi ya Browder dhidi ya Gayle ilikuwa mahakamani, na ndiyo iliyovunja sheria ya kutenga viti vya mabasi kwa rangi. Upendo ulikuwapo, sawa, ila ulikuwa na mawakili na mafuta ya gari.

Dhana: Rosa Parks, ambaye kukamatwa kwake kwa kukataa kumpisha Mweupe kiti cha basi kuliwasha mgomo huo, alikuwa amechoka tu.

Alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, na miezi michache kabla alihudhuria mafunzo Highlander, shule ya wanaharakati huko Tennessee.

Dhana: King alipendwa na wote.

Kura ya maoni ya Gallup ya 1966: asilimia 63 ya Wamarekani hawakumpenda.

Dhana: Alichodai ni Weusi na Weupe kukaa pamoja tu.

Maandamano ya Washington ya 1963 yalidai ajira na kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Alipouawa Memphis, 1968, alikuwa akiwaunga mkono wazoa taka 1,300 waliogoma.

Dhana: Kujitolea siku moja kunatosha kumuenzi.

Tangu 1994 sheria imeifanya sikukuu hiyo kuwa siku ya kujitolea. Pakeni rangi shule, hakuna ubaya. Lakini anzeni na hatua yake ya kwanza: orodhesheni kazini kwenu nani analipwa nini kwa kazi ileile, nani hupandishwa cheo na nani hurukwa, kwa tarehe na nyaraka. Bila karatasi hizo, mazungumzo na mwajiri huishia kwenye ahadi.