Gari lisilochemsha Mombasa Road linachemsha uwanjani: dhana potofu kuhusu kupoza injini

Gari linaweza kukutoa Nairobi mpaka Mombasa na kukurudisha bila geji ya joto kutikisika, kisha likachemsha kwenye raundi ya tano ya uwanja wa mbio za magari. Hapo ushauri humiminika kutoka kila upande: toa hiki, inua kile, mwaga maji. Mwingi wa ushauri huo ulizaliwa barabarani, ambako injini haitumwi sana. Kwenda kilomita 100 kwa saa kwenye lami tambarare kunahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Uwanjani unakanyaga mafuta hadi mwisho, unafunga breki, unakanyaga tena, dakika 15 au 20 mfululizo. Nishati ya petroli inayoungua hugawanyika takriban mafungu matatu: moja husukuma gari, moja huondoka na moshi, na la tatu huishia kwenye maji na oili. Injini ya kilowati 150 ikikamuliwa hivyo hulitwisha rejeta kilowati mia hivi za joto kwa wastani, ukihesabu na muda wa kufunga breki. Kosa dogo ambalo barabara ililisamehe kwa miaka mingi hujitokeza hapo.

"Toa themostati, maji yatembee"

Hii ndiyo sugu kuliko zote. Kuna gereji ambako themostati, ile vali inayofunguka maji yakishapata moto, hutupwa siku ya kwanza gari linapoingia, kabla hata ya kuulizwa linaumwa nini. Baada ya hapo geji hushuka, mwenye gari anafurahi, fundi anasifiwa.

Tatizo ni kwamba katika injini nyingi za Kijapani themostati ina kazi mbili. Inapofunguka huyapa maji njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo kisahani chake cha nyuma huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini yakiwa bado ya moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Mjini hutaona kitu, kwa kuwa joto ni dogo. Uwanjani sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini bila kupitia kwenye rejeta, na unashindwa kuelewa kwa nini gari "lililotibiwa" linachemsha kuliko la jirani. Na siku za kawaida injini hukaa baridi mno, kompyuta huendelea kuiongezea petroli, na petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda.

Wengine hutetea themostati kwa hoja isiyo sahihi: eti bila hiyo maji hupita mbio kwenye rejeta na kukosa muda wa kupoa. Maji ni yaleyale yanayozunguka. Yakipita haraka hukaa muda mfupi kila safari, lakini safari zinaongezeka, na joto linaloondoka kwa jumla haliwi pungufu.

Na ile ya kununua themostati inayofunguka mapema? Ya kawaida ya Subaru yenye injini ya EJ huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80 na huwa wazi kabisa kwenye 91. Maji yakifika 100, hiyo na ile ya "baridi" zote zimeshafunguka hadi mwisho. Utakuwa umenunua dakika chache za mwanzo, basi.

"Kulanti ni ya nchi za baridi" na "kulanti hupoza kuliko maji"

Dhana mbili zinazopingana, na zote hazijakaa sawa. Kwa kubeba joto, maji matupu huishinda kulanti, yaani dawa ya rejeta yenye glikoli: kilo moja ya maji huchukua kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi, ilhali mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchukua kama 3.5. Kinachofanywa na kulanti ni kuzuia kutu kwenye aluminiamu na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa. Lakini waandaaji wengi wa mbio huikataa kabisa uwanjani, kwani ikimwagika huacha lami ikiteleza na ni taabu kuisafisha. Jibu la wanaokimbia mara kwa mara ni maji yaliyochujwa kwa mvuke pamoja na dawa ya kuzuia kutu isiyo na glikoli. Maji ya bomba au ya kisima, hasa yenye chumvi, hujaza ukoko ndani ya mirija ya rejeta, na ukoko huo huzuia joto kutoka.

Lakini jambo ambalo watu wa Nairobi hulisahau ni mwinuko. Tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa au Dar es Salaam. Hewa nayo ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kila pumzi inayopita kwenye rejeta hubeba joto pungufu. Watu husema "Nairobi kuna baridi, gari haliwezi kuchemsha". Baridi husaidia kweli, ila wembamba wa hewa hula sehemu ya faida hiyo.

Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima kinachobana maji kwa shinikizo la bar 1.1 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji matupu hadi karibu nyuzi 119 hapa Nairobi, na 122 pwani. Kikichoka mpira au springi, unarudi kwenye 94, yaani karibu sana na joto ambalo injini hufanyia kazi siku ya kawaida. Nimeona watu wakilipia rejeta mpya ilhali ubovu ulikuwa kwenye kifuniko. Ukipeleka gari uwanjani, anza na hicho.

"Geji iko katikati, hakuna shida"

Geji za magari mengi ya kisasa zimetengenezwa zisimtie dereva wasiwasi. Sindano hukaa palepale katikati maji yakiwa na nyuzi 80 au yakiwa na 105, na ikianza kupanda mambo yameshaharibika. Kuna baya zaidi: maji yakivuja yote, sensa hubaki hewani na geji inaweza hata kushuka. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la OBD (lile la kupimia kompyuta ya gari) na kuonyesha namba halisi kwenye simu ni bei rahisi kuliko kubadilisha gasketi ya hedi.

Na geji hiyo haikuambii lolote kuhusu oili. Oili ndiyo inayopoza pistoni, beringi na turbo, nayo hupanda polepole kuliko maji na hukawia kushuka. Maji yanaweza kusoma 95 huku oili imepita 130, ambapo huwa nyepesi na beringi huanza kukosa kinga. Kumwaga oili nzito zaidi hakuipozi. Huacha utando mnene kidogo kwenye joto lilelile. Kwa gari la turbo linalokimbia kila mwezi, rejeta ya oili ndiyo fedha iliyotumika vizuri.

"Inua boneti nyuma, joto litoke"

Mnaijua ile ya kuweka washa, zile pete za chuma, kwenye bawaba ili boneti iache uwazi chini ya kioo. Gari likisimama, ni kweli, joto hupanda na kutoka. Likikimbia, hewa inayogonga kioo cha mbele hujibana palepale chini yake, na shinikizo hilo linaweza kuingiza hewa ndani ya boneti badala ya kuitoa. Hewa ikijaa nyuma ya rejeta, ile ya mbele haina pa kwenda. Matundu yanayofaa hukatwa katikati ya boneti au karibu na mbele, ambako hewa huvuta. Lile tundu kubwa la Subaru, kwa wale wanaodhani linapoza injini, linapeleka hewa kwenye intakula, kipozeo cha hewa ya turbo, iliyo juu ya injini.

Rejeta kubwa nayo hufuata njia hiyo. Hewa ni mvivu, hupita penye nafasi. Kama kuna mianya pembeni na juu ya rejeta, itapita humo, uwe umenunua rejeta ya ukubwa wowote. Vipande vya sponji ngumu na bati jembamba la kuziba mianya vinaweza kufanya kazi kuliko rejeta ya bei mbaya. Na kabla ya hapo osha matope na wadudu kwenye mapezi, kwa maji ya shinikizo dogo, kutoka nyuma kwenda mbele. Feni kubwa? Hiyo ni ya foleni na ya kusubiri zamu. Mwendo ukishakuwa mkubwa, upepo wa gari lenyewe unaishinda.

"Washa hita, joto litapungua"

Hii si dhana potofu. Hita ni rejeta ndogo ndani ya gari, na ikiwashwa hadi mwisho inaondoa joto kweli. Utaloa jasho, lakini utafika pembeni.

Ukifika, usizime injini ghafla baada ya raundi za kasi. Endesha raundi moja ya pole kwa gia kubwa, kisha acha injini izunguke dakika moja au mbili, kwa kuwa pampu ikisimama maji yaliyo karibu na hedi na turbo hupanda joto. Lakini kama geji tayari iko kwenye nyekundu au maji yameisha, zima mara moja. Usimwage maji baridi juu ya injini, aluminiamu hupinda. Kifuniko usikiguse mpaka paipu ya juu ishikike kwa mkono.

Na kama baada ya haya yote kopo la akiba bado linatoa mapovu injini ikinguruma, huenda ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya hedi. Mwambie fundi aipime kwa ile dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, acha kununua vifaa vya kupozea na ufungue hedi.