Hiyo Bilioni ya Kifafa Haiko Mfukoni Mwangu

Kikao cha harusi, Tabata. Kadi za michango zinapita mkono kwa mkono, mwenyekiti anasoma majina na ahadi. Mwenyekiti ni mjomba wangu. Alipofika kwangu hakuniuliza natoa ngapi: "Dokta tumwandikie tano. Si ana granti ya Wamarekani?" Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, maana mjomba habishiwi mbele za wakwe watarajiwa, lakini nilirudi nyumbani nimevimba.

Mimi ni daktari na mtafiti wa magonjwa ya ubongo, kifafa kikiwemo. Maneno haya nimeyasikia kwa majirani, kwa wanafunzi, kwa mwenye nyumba, na kwa mzazi mmoja kliniki aliyeniuliza kwa upole kabisa: hela za kifafa zimekwenda wapi, mbona dawa bado ananunua mwenyewe? Huyo sikumkasirikia, swali lake ni la maana kuliko la mjomba. Lakini tuanze na la mjomba.

Ruzuku ya utafiti, ndiyo hiyo granti, haiingii kwenye akaunti ya mtafiti. Inaingia kwenye akaunti ya taasisi, kwa jina la mradi, na imeshagawanywa kwenye mafungu kabla hata shilingi haijafika: hili la nauli za washiriki, hili la vitendanishi vya maabara, hili la posho za wadodosaji. Mimi ni mtoto aliyetumwa dukani na hela ya sukari: narudisha sukari, chenji na risiti, na nikirudi na biskuti nimekwisha. Kuhamisha hela kutoka fungu moja kwenda jingine kunataka barua, na mabadiliko makubwa yanataka kibali cha mfadhili. Kununua kitu kunapita kwa afisa manunuzi na mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST, nayo gel ya kubandikia kichwani nyaya za EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, inafuata njia ileile inayofuatwa na samani za ofisi. Masurufu yasiporejeshwa kwa wakati, mhasibu hakupi mengine. Mwisho wa mwaka wanakuja wakaguzi wa kwetu na wa mfadhili, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimegundua kitu. Wanauliza orodha ya mahudhurio iko wapi.

Na lile gari lenye namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, ambalo vijana wa kijiweni wananihesabia ni mali ya mradi. Mradi ukiisha linabaki kwa taasisi, mimi narudi kwenye Mwendokasi.

Mshahara nao. Watu wanadhani nina miwili. Fungu la mishahara kwenye ruzuku huandikwa kwa asilimia ya muda: mtafiti mkuu anatoa, tuseme, asilimia 20 ya muda wake, na mradi unalipa sehemu hiyo tu, kwa taratibu za mwajiri. Asilimia 80 iliyobaki nafundisha, nazunguka wodini na kusahihisha mitihani. Ukijumlisha saa ninazofanya kweli unapata asilimia 140 hivi, ila hiyo haina safu kwenye fomu.

Sasa tuje kwenye kichwa cha habari, maana ndicho kinachozaa balaa lote. "Chuo chapata bilioni tano kutafiti magonjwa ya mfumo wa fahamu." Bilioni tano hizo kwa kawaida ni za miaka minne au mitano, na mara nyingi mpokeaji mkuu si sisi. Mpokeaji mkuu ni chuo cha nje, nacho kinatupa mkataba mdogo ndani ya ruzuku yake. Gazeti linatangaza jumla. Hakuna mwandishi aliyewahi kunipigia kuuliza kipande cha Dar es Salaam ni kiasi gani.

Kwenye kipande chenyewe kuna jambo ambalo hata wenzangu wa utafiti huwa hawalielewi, na ndilo linaloninyima usingizi: gharama za uendeshaji wa taasisi. Kila ruzuku ina gharama za moja kwa moja, zile ninazoweza kuzionyesha kwa kidole, na zile za uendeshaji, ambazo taasisi hulipwa kwa asilimia ili iweze kuwepo: umeme, maji, intaneti, mlinzi, mhasibu, paa lisilovuja. Watu wengi, wakiwemo wajumbe wa kamati zinazotakiwa kujua zaidi, huziita hela za chuo kula. Mtu akisema hivyo mbele yangu namweleza habari za friza.

Friza ya sampuli hukaa nyuzi 80 chini ya sifuri. Ndani yake kuna vichupa vya damu na maji ya uti wa mgongo, kila kimoja kimetoka kwa mtu aliyekubali kuchomwa sindano mgongoni ili wengine wapone. Umeme ukikatika saa nane usiku, lazima awepo mlinzi wa kusikia king'ora, fundi wa kuwasha jenereta isiyotaka kuwaka yenyewe, dizeli ndani ya jenereta, na mtu wa kupigiwa simu aliye tayari kupokea. Asubuhi anatakiwa fundi wa friza, na mafundi wa friza hizi mjini ni wa kuhesabu. Ukiandika "LUKU" kwenye bajeti ya moja kwa moja, wapitiaji wa maombi wanaifuta: hiyo ni gharama ya uendeshaji, itoe huko. Sawa. Huko kuna nini?

Kwa miaka mingi NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, iliweka kikomo cha asilimia 8 kwa taasisi zilizo nje ya nchi yao. Vyuo vyao wenyewe hujadiliana kiwango na serikali yao, na vingi hupata zaidi ya 50. Cha Harvard kimekuwa asilimia 69. Hesabu hupigwa juu ya gharama za moja kwa moja, ukishatoa vifaa vikubwa na vitu vingine ambavyo sitawachosha navyo. Kwa hiyo kwa kila dola 100,000 za kazi, friza yangu, mlinzi wangu, mhasibu wangu na paa langu wanagawana dola 8,000. Friza ya Harvard kule Boston, yenye umeme usiokatika, ipo kwenye jengo linalopata 69,000.

Februari 2025 serikali ya Marekani ilipotangaza kuvishusha vyuo vyao vyote hadi asilimia 15, vyuo vilikwenda mahakamani, mahakama ikazuia. Vilisema kwa 15 maabara zitafungwa. Ninawaamini kabisa. Nilisoma tamko lao nikiwa nimekaa karibu na friza ya asilimia 8.

Mtaniambia, basi achaneni na hela za nje, serikali yetu itoe. Inatoa, ila wengi hawaioni. Mshahara wangu ni wa serikali. Wodi ninakopata washiriki ni ya serikali. Muuguzi anayenisaidia kumshika mtoto wakati wa kutoa damu analipwa na serikali hiyohiyo. Kuna pia MTUSATE, mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia ulio chini ya COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pale Kijitonyama, unaotoa ruzuku kwa ushindani. Ni hela halali na nzuri, lakini kwa kazi ya ubongo zinaisha mapema, kwa sababu picha za MRI za washiriki mia mbili peke yake zinameza bajeti nzima ya mradi wa kawaida wa ndani. Nchi za Afrika zilikubaliana tangu Mpango wa Lagos wa 1980 kwamba kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, zikarudia ahadi ileile Khartoum mwaka 2006. Hatujafika. Ahadi za kikao cha harusi hulipwa haraka zaidi.

Na anayedhani hela za nje ni za uhakika akumbuke Mei 2025, NIH ilipotangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zenye mikataba midogo ya taasisi za nje hadi utaratibu mpya uwekwe. Kwa siku moja, kile kipande chetu cha bilioni tano kikawa swali. Wadodosaji walioajiriwa kwa mkataba wa mradi hawana pa kukimbilia siku kama hiyo. Mjomba hilo halijui.

Tuje kwa mzazi wa kliniki.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 wanaishi nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila degedege wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Katika nchi maskini, watatu kati ya wanne hawapati tiba wanayohitaji. Phenobarbital inatumika kwa kifafa tangu 1912 na ni miongoni mwa dawa za bei rahisi kuliko zote. Kwa hiyo mzazi anauliza: dawa ipo, ugonjwa upo, nyie mnatafiti nini?

Jibu la vitabuni ni kwamba ruzuku ya utafiti inanunua jibu la swali, hainunui tiba ya wilaya. Fungu la dawa likiwepo ni la washiriki, kwa muda wa utafiti. Jibu hilo ni sahihi, na silipendi.

Nikitaka kujitetea huwa nataja Mahenge. Huko wilayani Ulanga, Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alikuta kifafa kwa wingi usio wa kawaida katika miaka ya 1960, na watoto wengine wakiangusha vichwa kama wanaosinzia. Ilichukua miongo, na hela za watu wengi zikiwemo za Umoja wa Ulaya kupitia baraza lake la utafiti, mpaka ushahidi wa uhusiano na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho na kuenezwa na inzi, ukawa mzito. Namna hasa mnyoo wa usubi unavyoleta kifafa bado inabishaniwa. Lakini hatua ya kuchukua haibishaniwi sana: gawa ivermectin, dawa ya minyoo hiyo, vijijini, tena kwa bidii, na dhibiti wale inzi wa mtoni. Hakuna phenobarbital iliyoweza kutuambia hivyo.

Au Tarime, 1985. Watu walipooza miguu ghafla wakati wa njaa ya ukame, na uchunguzi ukaonyesha ni konzo, iliyotokana na sianidi ya muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Konzo haina dawa ya kurudisha miguu. Matokeo ya utafiti yalikuwa namna ya kuandaa muhogo. Hebu mwambie mwandishi wa habari kwamba bilioni imetumika kujua namna ya kuandaa muhogo, uone kichwa cha habari cha kesho.

Na kiharusi. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na hapa Dar es Salaam. Wakisawazisha umri, Dar ilikuwa na karibu mara tatu ya Hai: takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, dhidi ya 109. Kazi hiyo ililipiwa na mfuko wa hisani wa Uingereza, lakini iliwezekana kwa sababu tayari kulikuwa na maeneo yaliyohesabiwa nyumba kwa nyumba chini ya mradi wa miaka ya nyuma wa Wizara ya Afya na hela za serikali ya Uingereza. Kutembea Ilala na daftari kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, ni kazi isiyompa mtu tuzo yoyote. Bila hiyo tusingekuwa na namba ya kugawia wagonjwa, yaani idadi ya watu.

Hata hivyo mzazi yule hanitoki. Kuna usiku nawaza kwamba kwenye kifafa maswali mengi tunayoandikia maombi ni yale yanayowavutia wapitiaji, na kwamba nusu ya hela zetu ikinunua vidonge na pikipiki ya kuvifikisha ingeokoa watu wengi kuliko makala zetu. Sina uhakika. Wenzangu wananiambia vidonge vya mradi huisha na mradi, na mgonjwa anayekatishiwa dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma. Wana hoja. Lakini hoja hiyo inatupendelea sisi tunaoandika maombi, na jambo linalonipendelea huwa nalitazama mara mbili.

Wala tusidanganyane kuhusu ushindani wenyewe. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwapa wapitiaji tofauti maombi yaleyale ya NIH, na walichokubaliana kilikuwa kidogo mno. Maombi mabovu hujulikana. Kati ya mazuri, anayepata na anayekosa wametenganishwa na nani alikaa mezani siku ile. Kwa hiyo mkiona mtafiti kakosa ruzuku msimcheke, na aliyepata msimwandikie tano.

Ruzuku za NIH ziko wazi kwenye hifadhidata yao iitwayo RePORTER. Andika Tanzania, utaona mradi, mtafiti mkuu, taasisi na kiasi cha kila mwaka. Anayetaka kunisema aanzie huko. Na ukiletewa fomu ya ridhaa, wewe au mwanao, usiulize dokta kapata bilioni ngapi. Uliza dawa ya utafiti itaendelea kutolewa kwa muda gani baada ya mradi kuisha, na nani atailipia. Uliza sampuli zinabaki hapa au zinasafiri, na kama zinasafiri, kwa mkataba gani. Uliza majibu ya picha ya kichwa chako utayapata lini na kwa lugha gani. Mtafiti akianza kukuzungusha, kalamu irudishe mezani. Una haki, na fomu yenyewe imeandika hivyo, kwa kawaida ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo.